Nozeli Nne za Gari la Baba

Jumatatu, 4 Machi. Manyunyu na baridi tangu alfajiri.

Gari limenitia aibu tena. Kwenye taa za barabarani lilitetemeka kama mtu mwenye homa, likakohoa, likazima. Honi nyuma. Mwenye pikipiki akaniuliza kama nililiamsha kwanza au nimelitoa tu kitandani. Mshenzi!

Fundi wa kona anasema nozeli zimeziba, yaani vile vidude vinne vinavyopuliza petroli kwenye injini. Zitolewe zote, zioshwe kwenye mashine yake, ziwekwe mipira mipya. Lini? Jumatatu ijayo. Nikamwambia Jumamosi namtoa baba hospitali, kafanyiwa upasuaji wa jicho, na gari ni lake, mimi nimepewa kulitunza tu. Akasema basi nikodi teksi.

Teksi! Wifi yangu, mke wa kaka, anasubiri hilohilo. Baba alishasema: Jumamosi atalipanda, na likimsumbua litahamia kwa wifi. Wifi ameshanunua vitambaa vya viti. Vya zambarau.

Nitazitoa mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi. Mawingu.

Nilianza kwa utaratibu. Kila nozeli plasta yake na namba yake. Utaratibu haukudumu. Kitabu cha gari kinasema mtu apunguze kwanza presha ya mafuta kwenye bomba, lakini kinasema hivyo ukurasa wa nyuma. Petroli ilinirukia usoni, kifuani, mpaka masikioni. Nani anaandika vitabu hivi?

Wifi akapita eti kusalimia. Akasimama mbali, kaziba pua kwa mtandio, akauliza kama nimebadilisha manukato. Nilimjibu kwa adabu. Adabu ile inaniuma tumbo mpaka sasa.

Jumatano, 6 Machi. Jua kali.

Mashine ya fundi ya nini? Miaka yote hii natakasa vifaa vya zahanati kwa mvuke: mikasi, koleo, mabakuli ya chumba cha kujifungulia. Hakuna uchafu uliowahi kunishinda. Nikazifunga nozeli kwenye kitambaa cha kijani, nikaandika tarehe juu, nikaziingiza kwenye mashine ya mvuke pamoja na koleo.

Zilitoka plastiki imepinda, mipira imepasuka, na chumba kizima kinanuka kituo cha mafuta. Muuguzi mkuu aliifuata harufu hadi mlangoni. Nikasema labda ni jenereta. Akafungua bunda, akainua nozeli namba tatu kwa kibanio, akaigeuza kwenye mwanga.

"Dada, hiki tunamwekea mgonjwa upande gani?"

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nimepewa onyo, na nimeisugua mashine peke yangu hadi jioni. Kosa la nani? La waliotengeneza nozeli kwa plastiki!

Alhamisi, 7 Machi. Upepo na vumbi.

Kwa muuza vipuri vya magari mabovu. Nozeli tatu zinafanana. Ya nne ina kichwa cha bluu, imetoka kwenye gari la aina nyingine, lakini inaingia tunduni. Nikapita kwa fundi makusudi, aone mambo yanavyokwenda bila yeye. Akasema ya bluu inamwaga mafuta mengi kuliko wenzake, injini haitatulia. Nikamwambia hata watoto wa tumbo moja hawafanani.

"Watoto hawapulizi petroli, mama," akasema, akarudi chini ya lori lake.

Mjuaji. Nimezifunga. Limewaka! Linatikisika kidogo. Litazoea.

Jumamosi, 9 Machi. Mvua ya alfajiri, kisha jua.

Baba jicho moja lina bandeji. Nilimfunga mkanda, nikawasha redio kwa sauti ya juu. Akaizima. Akainamisha kichwa na kusikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Gari likaruka, likatoa moshi mweusi. Wifi alikuwa nyuma yetu kwenye gari la kaka, ndani ya moshi huohuo. Ndiyo raha pekee niliyoipata wiki hii.

Mlimani, mbele ya kituo cha basi, likafa. Baba akanigeukia.

"Mwanangu, umelilisha nini hili gari?"

Nikasema nozeli. Akauliza za aina gani. Nikasema za aina mbili. Akaomba ufunguo. Akashuka, akapapasa hadi gari la kaka, akamkabidhi wifi ufunguo palepale, watu wote wa kituoni wakitazama.

Jumapili, 10 Machi. Joto, hakuna hata upepo.

Gari limepona. Nozeli nne mpya, za aina moja, na limetulia tuli. Mimi fundi aliniambia Jumatatu ijayo; wifi kamfanyia Jumapili! Vitambaa vya zambarau vimeshavalishwa.

Lakini baba hakusema ni milele. Kasema atafikiria upya akiona najua kutunza kitu. Jioni nilipompelekea chai nikasikia pampu yake ya maji inalia uani. Wifi akasema kesho aitwe fundi wa pampu. Fundi! Nilingoja baba asinzie, nikaifungua yote juu ya meza yake ya jikoni, nikaifunga tena. Imekuwa nyepesi zaidi. Zimebaki skrubu tatu na mpira mmoja, nadhani vilikuwa vya akiba. Maji bado hayajatoka. Nalala sasa, saa sita kasorobo.