Bakuli la Njano la Ukweni Kaisho

Nimerudi kutoka Kaisho sasa hivi na sina pa kuuficha uso. Leo nimeumbuka. Tena ukweni, na ukwe wenyewe si wangu.

Mnajua nina duka la pembejeo hapa Nyakatuntu. Jana wauza mbolea tuliitwa semina, na mada mojawapo ilikuwa kadimi. Kama hujawahi kuisikia usijali, hata mimi nilidhani ni dawa ya minyoo. Kumbe ni metali. Inang'aa kama fedha, na ni laini hadi inakatika kwa kisu. Wanapaka boliti zisishike kutu. Imo kwenye baadhi ya betri za kuchaji, na inatengeneza rangi za njano na nyekundu. Hata kwenye mbolea zinazotokana na mawe ya fosfeti inaweza kuwamo kidogo. Ikishaingia mwilini haina haraka ya kutoka. Inakaa kwenye figo miaka na miaka, inaziharibu, na mifupa nayo inadhoofika.

Kisha mwezeshaji akaeleza ni kiasi gani hasa cha kuogopa. Hapo sikuwapo (nilitoka nje mara moja). Niliporudi wenzangu walikuwa wanafunga madaftari, kwa hiyo nikaenda kulala na hofu yote bila kipimo chake.

Leo asubuhi tukaenda Kaisho kumposea mdogo wangu Deo. Mshenga ni mimi. Deo amempenda Jovina miaka mitatu, na leo alivaa koti la kuazima kwa mwinjilisti. Njia nzima alisema maneno mawili tu: "Kaka, usiharibu."

Tulipokelewa vizuri. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Baba yake Jovina ni mzee wa kanisa asiye na mchezo, akaanza na swali moja.

"Kwenu mnavuta sigara? Hapa kwangu moshi hauingii."

"Hapana, mzee," nikajibu haraka. "Ukoo mzima." (Deo kweli havuti. Nikamhesabu yeye kuwa ndiye ukoo.)

Sasa huku kwetu mgeni anakaribishwa kwa kahawa za kutafuna. Ukizikataa, umeikataa nyumba. Bibi yake Jovina akatuletea. Kikapu chake kilitobolewa na panya, akaomba radhi, akaziweka kwenye bakuli la bati la zamani. La njano. Lina maua mekundu, na ndani limebanduka.

Akili ikagoma. Nikitafuna, figo. Nisipotafuna, Deo. Au rangi hii siyo ile? Au haitoki mpaka ichemshwe? Au mpaka mtu alambe bakuli? Nikachota punje chache, nikapeleka mkono mdomoni, nikatafuna hewa, na mkono ukateremka mfukoni. Deo alizitafuna zake zote huku nikimtazama kwa huruma.

"Zimekolea?" bibi akauliza.

"Sana, bibi."

"Basi ongeza."

Nikaongeza. Mfuko ukaanza kuvimba.

Ukafika wakati wa kutamka posa. Nikasimama, jasho linanitiririka, nikachomoa leso nijifute. Kahawa zote zikamwagika sakafuni na kubingirika hadi kwenye viatu vya mzee. Deo akafumba macho.

Nikaona bora niseme ukweli (nusu yake). Nikawaeleza kadimi mwanzo mwisho, na figo, na mifupa. Bibi alinisikiliza kwa makini kuliko sisi tulivyomsikiliza mwezeshaji.

"Waitu jamani, hicho kitu kimo kwenye bakuli langu?"

"Huenda, bibi. Sina hakika."

"Na wapi pengine?"

Hapo ndipo usomi uliponiponza. "Kwenye betri, bibi. Na kwenye moshi wa sigara, maana tumbaku inainyonya kutoka udongoni. Wavutaji wanajijazia sana." (Hili nililisikia vizuri. Lilisemwa kabla sijatoka nje.)

Bibi akainama. Nilidhani anaokota kahawa. Akainuka na pakiti yangu ya sigara, ilikuwa imetoka pamoja na leso.

"Sasa mwanangu, bakuli langu umeliogopa, na hii ukaibeba mfukoni?"

 

Mzee akaitazama pakiti, akanitazama mimi, akamgeukia Deo. "Wewe njoo hapa." Akamnusa koti mbele ya watu wote. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwinjilisti wetu. Deo akachuchumaa, akaziokota kahawa zangu moja moja pale sakafuni, akazipuliza, akazitafuna zote. Bibi akaanza kucheka, mzee akajizuia akashindwa, na mimi nikacheka nisijue ninachekea nini.

Posa wameipokea. Wametupangia siku ya kurudi, na wamesisitiza Deo aje na mshenga. Mwingine.

Wakati wa kuaga bibi alinipa zawadi: lile bakuli la njano, na pakiti yangu ndani yake. "Likae na sigara zako," akasema, "si umesema ni ndugu?"

Nimefika nyumbani. Bakuli nimeliacha nje, naliogopa. Pakiti nimeingia nayo ndani. Mkicheka, chekeni bila kunitaja jina.