Sura Yangu Ndani ya Mashua ya Kuokolea

Jumatatu, Aprili 8, 1918

Leo nimechora mawimbi mia moja na arobaini. Mkono umekufa ganzi. Nyambizi ya Wajerumani ilipoizamisha meli ile ya abiria hapakuwa na kamera baharini, kwa hiyo sisi wachoraji ndio tutakaoionyesha New York nzima ilivyokuwa. Maelfu ya picha, moja baada ya nyingine, mpaka bahari itembee kwenye filamu! Bosi, Bwana Hargreave, anasema vijana wakiiona watakimbilia jeshini wenyewe.

Kinachoniuma ni kimoja. Sloat, anayechora moshi, moshi tu, kaahidiwa jina lake mwanzoni mwa filamu. Mimi, Oswald Pruitt, hola. Nina mpango.

Jumanne, Aprili 9

Nimepewa mashua ya kuokolea watu. Katikati nimeweka mwanamume anayevua boya lake na kumvisha mtoto. Ana pua yangu na sharubu zangu. Kipara nimekisahau kwa makusudi.

Sloat kapita, kainama. “We Pruitt, mbona huyu kafanana na wewe?”

Nikamjibu kwamba mashujaa wote hufanana.

Alhamisi, Aprili 11

Nimemkuza shujaa. Sasa anauziba moshi wote. Sloat alikwenda kushtaki, bosi akaamua kwamba mtu ana maana kuliko moshi. Ushindi! Jumatatu anakuja ofisa kutoka Washington. Anakuja pia Bi Treadwell, mjane wa Brooklyn aliyenusurika kwenye meli ile, ahakikishe kwamba kila tulichochora ni kweli. Nimepiga pasi koti.

Jumatatu, Aprili 15

Taa zilizimwa, filamu ikaanza. Meli ikainama, mawimbi yangu yakaimeza, nami nikasahau kabisa kwamba niliyachora mwenyewe. Bi Treadwell alishika kiti kwa mikono miwili. Dada yake alizama pale.

Ikaja mashua. Bi Treadwell akasimama.

“Simamisheni hapo. Huyo mwanamume namkumbuka.”

Nikanyoosha mgongo.

“Alimvuta dada yangu akamtoa mashuani, akakaa yeye. Sharubu zilezile. Hakumpa mtoto yeyote kitu.”

Ofisa akataka kujua nani kachora uongo huu. Sloat akakohoa. Bi Treadwell akageuka, akaniona, akanitazama muda mrefu. Nilieleza kwamba mimi sijawahi kupanda chombo chochote isipokuwa kivuko cha Staten Island. Akasema anaona si mimi, yule alikuwa mrefu.

Ofisa kaamuru ichorwe upya kama alivyosimulia Bi Treadwell. Nikapendekeza tubadilishe sura. Akakataa katakata: sura hiyo shahidi keshaithibitisha.

Jumatano, Aprili 17

Siku mbili najichora nikimvuta mwanamke mkono. Bi Treadwell kaleta picha ya dada yake, Winifred, ili yule wa kwenye filamu awe ni yeye hasa. Alikuwa na mwanya, na kola imekaa upande. Nimeichora kola ikiwa upande vilevile, picha zote mia mbili. Bi Treadwell alikaa karibu nami akitazama mpaka picha ya mwisho.

“Ni yeye. Asante, baba.”

Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Sijawahi kuchora vizuri kiasi hicho.

Jumamosi, Aprili 27

Juzi filamu ilianza kuonyeshwa Broadway! Watu walijaa hadi ngazini. Winifred alipoanguka majini, ukumbi mzima ulizomea, na mimi nikazomea kwa nguvu zote. Jirani yangu akanitazama, akatazama pazia, akanitazama tena. Nilitokea mlango wa nyuma, kofia nikaiacha. Kwenye mlango wa mbele vijana thelathini na mmoja walikuwa wamepanga foleni kujiandikisha jeshini.

Muuza soseji wa kona kakataa kuniuzia. Mama mwenye nyumba kaniuliza kiti cha chumbani kwangu nilimpokonya nani. Sloat ananipongeza: jina lake hakuna aliyelisoma, sura yangu inajulikana mji mzima.

Lakini bosi katangaza filamu mpya, ya mahandaki ya Ufaransa, nami nimeomba kumchora jenerali. Nimepewa! Nimeanza jioni hii hii: mimi, juu ya farasi mweupe, upanga mkononi. Safari hii nimefanya utafiti. Majenerali hukaa maili nyingi kutoka vitani, kwa hiyo hakuna askari atakayekuja kudai kwamba aliwahi kumwona.