Swichi Kando ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nne bila mwanga. Hesabu ni yangu, na ni sahihi.

Taa ya sebule hii imening'inia chini ya feni ya dari, na feni haina swichi ukutani. Ina rimoti moja tu. Rimoti hiyo inakaa katika mfuko wa shati la Mkwe, baba wa mume wa binti yetu, ambaye kama sisi anaishi hapa kwa wema wa watoto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kinachonila mimi kimo nguoni mwake.

Saa kumi alasiri humsomea mke wangu kitabu. Macho yake yamechoka, na dirisha letu linatazama ukuta wa nyumba ya pili. Bila taa hakuna kusoma. Saa kumi hiyohiyo Mkwe huzima taa, huweka feni mwendo wa tatu, husinzia. Nikiomba rimoti ananiambia ah, mkwe wangu, na wewe pumzisha macho. Zimebaki kurasa arobaini. Hatujui kama mjane wa kitabuni atauza shamba.

Leo Mkwe kamwambia mke wangu kwamba simu yake husoma vitabu yenyewe, kwa sauti ya mwanamke asiyekohoa. Mke wangu akaniangalia. Akasema atanisubiri hadi Jumamosi. Taa isipopatikana, atamsikiliza huyo mwanamke. Miaka arobaini na sita nimemsomea. Nipinduliwe na simu!

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi umeme wa hapo kona. Mtu mpole, penseli sikioni. Kanieleza vizuri. Ndani ya kile kikombe cha feni kinachogusa dari kuna kipokezi. Rimoti inaongea na kipokezi, kipokezi kinawasha taa. Ukitaka swichi ukutani, ama upasue ukuta upitishe waya mpya, ama ununue swichi ya betri, isiyo na waya, uifunge kando ya mlango iwe kama rimoti ya pili. Akasema atakuja kuifunga Jumamosi asubuhi. Nikamwambia naichukua leo, niitazame tu.

Nimeitazama. Inasema tak.

Katika nyumba tuliyoiacha kulikuwa na swichi ya shaba kando ya mlango, upande wa kushoto, usawa wa bega langu. Ilikuwa na sauti hiyohiyo. Siku ile tulipotoka kwa haraka, mizigo mkononi, niliizima kwa mazoea. Mke wangu hajanisamehe. Husema ningeiacha ikiwaka, nyumba ingejua tunarudi.

Jumamosi ni mbali mno.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kaenda kliniki ya macho na binti. Mkwe kaenda kwa kinyozi. Uwanja ni wangu. Nimeazima ngazi kwa jirani wa ghorofa ya juu, Mwalimu wa Hesabu. Nimezima swichi kuu, maana mimi si mjinga.

Karatasi ya maelekezo ina hatua kumi na mbili, na uandishi wa kutia huruma. Nilisahihisha vitabu vya watu kwa miaka thelathini na moja kabla havijachapwa. Siwezi kusoma bila penseli. Hatua ya nne yasema panga vijiti vinne vidogo, juu au chini, vilingane kote. Hatua ya saba inarudia maneno hayohayo, neno kwa neno. Nikaikata. Marudio humchosha msomaji.

Ile ya nne niliifuata kwa raha, kwani niling'amua siri yake. Ukibadili vijiti vya kipokezi, hakiisikii tena rimoti ya zamani. Mkwe atabaki na kipande cha plastiki mfukoni. Nikavibadili vyote vinne.

Umeme ukarudi. Taa haikuwaka. Feni ikaanza mwendo wa tatu na haikukubali kushuka. Gazeti, vitambaa vya viti, karatasi ya maelekezo, vyote hewani. Nikabonyeza swichi. Tak. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, walau kwa ajili ya sauti.

Mkwe akarudi kichwa kinang'aa. Akaminya rimoti mara kumi, akaipiga pajani, akasema betri zimekwisha. Akatoka kwenda kununua. Nikamfungulia mlango. Nilipata nusu saa ya furaha kamili.

Alhamisi, 6 Machi

Feni bado inatupepeta kama makapi. Mkwe kajifunga taulo kichwani. Betri ni mpya, rimoti ni ileile, na hatimaye kaiona swichi ukutani. Akauliza ile ni nini. Nikasema ni majaribio.

Saa tatu Mwalimu wa Hesabu kashuka na jedwali alilolipigia mistari kwa rula. Tangu jana mchana taa yake imezimika na kuwaka mara kumi na nne, naye ana mitihani ya kusahihisha. Kaandika saa na dakika. Kila mara, alisema, husikia kwanza hatua za mtu mzito zikielekea mlango wetu. Samahani, Babu, akaniambia, hebu bonyeza, taa yangu ikicheza nitagonga kwa ufagio.

Akapanda kwake. Nikabonyeza. Ufagio ukagonga dari. Mkwe akanisogeza pembeni, akabonyeza yeye. Ufagio. Akabonyeza tena. Ufagio mara mbili, kwa hasira. Mkwe alicheka mpaka taulo likaanguka. Akasema, mkwe wangu, taa umeiwasha, hilo sikunyimi, ila umekosea ghorofa.

Saa kumi nikamsomea mke wangu mbele ya friji, mlango wazi. Kurasa mbili. Binti akasema baba, maziwa yatachacha. Akaufunga.

Baadaye nilimwona mke wangu jikoni, shali mabegani, simu ya Mkwe imeegemezwa kwenye birika. Hakungoja Jumamosi. Nikasimama nyuma ya mlango. Kweli, yule mwanamke hakohoi.

Ijumaa, 7 Machi

Sikunywa chai. Mkwe mwenyewe kaenda kumleta fundi. Alimshika mkono ngazini kama bwana harusi.

Fundi akafungua kikombe cha feni, akatazama vijiti, akaguna. Akaomba karatasi ya maelekezo. Ilipatikana nyuma ya kabati, ilikorushwa na upepo. Akauliza nani kakata hatua ya saba. Nikasema ni marudio. Akaniambia kwa upole ulioniumiza kwamba ya nne ni ya kipokezi na ya saba ni ya swichi. Mimi nimebadili kimoja na kukiacha kingine kama kilivyotoka kiwandani. Na katika jengo zima, feni moja tu ilibaki na mpango wa kiwandani. Ya Mwalimu.

Akachukua kijiti cha meno. Dakika mbili. Tak. Mwanga! Akapanga na rimoti ya Mkwe, nayo ikarudi mfukoni.

Nikakaa. Nikamwuliza mke wangu, kama mtu aulizaye habari za mvua, je, mjane kauza shamba. Akasema hajui. Alimzima yule mwanamke baada ya robo saa. Anasoma kila kitu, alisema. Katika ukurasa mmoja mjane kalia mara tatu, kwa maneno yaleyale. Akaniuliza: mbona kwako huwa analia mara moja tu? Ina maana miaka yote hii umekuwa ukikata?

Nikakiri. Nikangoja hukumu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema kumbe kuna vitabu vingapi virefu nimemwokoa navyo, na yeye akidhani waandishi wote wana adabu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi. Tak.

Nimesoma kurasa zilizobaki, nyingine kwa ukamilifu. Mkwe alikuwa macho, mkono mfukoni, hakuthubutu. Mwalimu wa Hesabu kashuka na mitihani yake, kasema kwetu mwanga hauchezi. Mjane hakuuza shamba. Mkwe kapiga makofi.

Nilipoinuka kuizima taa, mke wangu kasema usiizime. Safari hii iache.

Nimeiacha.

Alipopita fundi kukagua kazi, niliisikiliza kengele yetu ya mlangoni kwa makini. Inalia ting-tong, halafu ting-tong tena. Mara moja ingetosha. Ngazi ya Mwalimu bado iko kwetu, na karatasi ya kengele nimeipata kwenye droo. Ilikuwa na hatua tisa.

Sasa zimebaki saba.