Kamera ya Kumsaka Mamba wa Lambo

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nimeliona tena lile dude! Katikati ya lambo. Povu, kisha kitu cheusi, kisha kimya. Nimekimbia mpaka kwenye kichuguu, kanga imebaki miibani. Ni mamba. Ng'ombe wangu Bihogo ana mimba kubwa, hatayagusa maji yale. Lakini kiangazi hiki maji mengine ni ya mto Kagera, mbali, na huko mamba wapo bila ubishi. Ndoo ninazombebea hazimtoshi. Ulimi umemkauka. Akifa na ndama tumboni, nabaki na nini? Fimbo.

Jirani yangu Adelgunda amesema mbele ya wanakwaya kwamba ni kambare tu, uzee umeniingia machoni. Ng'ombe wake wanakunywa pale pale. Ngoja.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekwenda Kaisho, dukani kwa Telesfori fundi simu. Shikamoo kaitoa bila kuinua kichwa. Vijana hawa! Ana kamera ndogo ya waya ya kuchungulia ndani ya mabomba, picha inatokea kwenye simu. Nikamwambia aitie kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani, tuizamishe, Adelgunda ayaone meno. Akasema mukaka, yaani bibi, maji hayabishi hodi. Akatoboa matundu mawili kwa drili, la waya wa kamera na la waya wa taa, polepole, eti kopo lisipasuke. Kila tundu akalitia kiungio chenye nati na pete ya mpira, akakaza mpaka mpira ukauma waya. Akalizamisha kwenye pipa la maji, karatasi ikiwa ndani. Karatasi ikatoka kavu. Kamera atakuja nayo Alhamisi aiunganishe na waya ulioachwa koponi. Kopo nimeondoka nalo. Akanionya nisilichezee. Mimi! Niliyembeba mama yake mgongoni!

Jumatano, 13 Agosti
Kopo linanuka duka. Chombo kipya hakianzi kazi bila kufukizwa. Kibuyu kisichopata moshi huharibu maziwa, kila aliyelelewa anajua. Telesfori hakulelewa. Nikawasha nyasi, nikaligeuzageuza juu ya moshi. Likalainika! Matundu yakapanuka kama kinywa cha mwenye mwayo, viungio vikacheza. Nikasindilia samli pande zote za nati. Kisha nikalijaza maji ndani, kama tunavyojaribu kibuyu. Halikuvuja. Sana. Telesfori hana haja ya kujua.

Alhamisi, 14 Agosti
Adelgunda alikuja lamboni na kitenge cha Pasaka, kucheka tu. Bihogo nilimfunga mbali. Telesfori akauliza kwa nini kopo limepinda na linanuka jikoni. Nikamwambia ashike kazi yake. Akasema viungio vimelegea, turudi Kaisho. Nikasema ng'ombe mwenye kiu hangoji Kaisho. Akachomeka kamera, akalizamisha kopo kwa kamba.

Tope kwenye simu. Tope tena. Mara JICHO! Na mdomo mpana, unakuja, unakuja! Nikapiga yowe. Wote mbio, Adelgunda mbele, kandambili moja mguuni. Simu ikawa nyeusi.

Telesfori akavuta kamba kwa mbali. Kopo limejaa maji, kamera imekufa. Na nyuma yake, mpaka ukingoni, kambare mkubwa analamba samli yangu! Adelgunda alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza tangu lini mamba kafuga masharubu.

Na Bihogo? Mayowe yalimshtua, akakata kamba. Tulipogeuka yumo majini mpaka magotini, anakunywa, tumbo kama ngoma. Nilimwita kwa ukali. Akatikisa sikio.

Ijumaa, 15 Agosti
Kijiji kizima kinanisalimia kwa kujishika masharubu. Hata shemasi. Telesfori analilia kamera yake. Nimemwambia alitoboa vibaya.

Bihogo amekunywa tena asubuhi. Nilisimama kwenye kichuguu, nikimtukania ukoo mzima. Hakuna kilichomgusa. Ulimi umelowa, ndama anacheza tumboni.

Lakini nimefikiria. Kambare mnene vile amenenepea nini? Mabaki. Na mabaki hayo nani anayaacha? Adelgunda hajiulizi, ndiyo maana anacheka.

Nimempelekea Telesfori mkungu wa ndizi, atoboe kopo kubwa zaidi. Hili nitalifukiza siku mbili.