Mwisho wa Takeo, Kama Nilivyomwambia Baba Mwansa

Lubumbashi, Jumapili, 3 Machi 1985

Takeo, kipindi cha leo. Bado kimoja tu, cha mwisho! Alama: kumi na saba juu ya ishirini. Ningetoa kumi na tisa, lakini mlima ule ule ulipita nyuma ya Takeo mara tatu akiwa anaruka. Mjapani aliyechora alichoka, au mkubwa wake alimnyima rangi. Na midomo! Sauti ya Kifaransa imekwisha zamani, midomo bado inatafuna. Ila sauti ya Daktari Giza ni safi kabisa. Mbuzi wa jirani walikimbia.

Kwa yule atakayesoma shajara hii nikishakuwa mashuhuri: Takeo ni kijana wa katuni, kofia ya chuma, joho jekundu, anarusha radi kwa mkono wa kuume. Kila akirusha, anazeeka. Alianza akiwa kijana wa kuoa, sasa nywele nyeupe, anatembea akikohoa. Imebaki radi moja. Akiirusha atakufa na mji utapona. Asipoirusha ataishi na mji utaungua. Wakakata hapo hapo! Mpaka Jumapili ijayo! Ni ukatili.

Natazama kwa Baba Mwansa, mimi kwenye kigoda changu upande wa kushoto, yeye kwenye kiti chake. Televisheni kampuni ilimpa alipostaafu, baada ya kumaliza ujana na mapafu yake kwenye tanuru la shaba. Anampenda Takeo kuliko wapwa zake. Alisema leo, “Huyu mutoto iko kama siye ba ku tanuru. Kila moto inakula kipande yako.” Anasema Takeo ataishi. Nikamwambia lazima afe, sanaa inadai kifo. Akakasirika, akakohoa mpaka Mama Hortense, mkewe, akaja kuzima.

Kuna televisheni mbili tu katika barabara yetu. Ya pili ni ya Clément, mwalimu. (Kwenye karatasi za serikali jina hilo limefutwa, kama majina yote ya Kizungu, lakini mkewe Ngalula analiita mpaka linasikika sokoni.) Clément naye anaandika makala kuhusu Takeo kwa gazeti la parokia. Mwezi jana nilisema mbele za watu kwamba makala yake iliandikwa na mtu aliyelala. Tangu siku ile pazia lake limefungwa. Padre ana ukurasa mmoja tu. Ataamua Jumatatu ya tarehe kumi na moja: atakayeleta makala bora juu ya kipindi cha mwisho ndiye mwenye ukurasa. Clément hana kipaji. Mimi ninacho, na nina Baba Mwansa.

Jumanne, 5 Machi

Baba Mwansa yuko hospitali. Kifua. Nimempelekea ndizi, hakula. Alinishika mkono, akasema kama Jumapili hajarudi nyumbani, nitazame kwa niaba yake, kisha nije nimwambie. “Usinidanganye, Mutale. Uniambie vile iko.” Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu.

Njiani nilifikiri: huu ni utangulizi mzuri sana wa makala. Halafu nikaona haya. Halafu nikauandika kwanza, nisije nikausahau.

Alhamisi, 7 Machi

Baba Mwansa amefariki alfajiri.

Sikwenda kazini. Stoo ya kampuni itajigawia glavu yenyewe leo. Nililia nyuma ya choo ili mke wangu Chanda asinione. Aliniona.

Jioni kwenye kilio. Wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Televisheni imegeuzwa uso ukutani, imefunikwa kitenge. Hakuna redio, hakuna picha, mpaka moto wa kilio uzimwe, na hautazimwa kabla ya Jumapili. Nilisimama mbele ya kile kitenge muda mrefu. Mama Hortense akaja kunifariji, akidhani namlilia mumewe. Nilikuwa namlilia. Lakini Takeo naye alikuwamo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata! Akili hii, Mungu alinipa bure.

Nani anaweza kufanya lolote kwenye kilio na asikaripiwe? Mtani! Mtani huiba nyama chunguni, huvaa kofia ya marehemu, hutukana wafiwa, na wafiwa hucheka. Nani atamkataza mtani kufunua televisheni? Baba Mwansa alikuwa wa ukoo wa Mvua. Watani wa Mvua ni watu wa Uyoga, maana bila mvua uyoga hauoti.

Tatizo moja dogo. Mimi pia ni wa Mvua, kwa mama yangu. Mtu wa Mvua hukaa mkekani, analia, ananyolewa kichwa. Hana faida yoyote Jumapili saa kumi na mbili jioni, Takeo anapoanza. Lakini ndugu zangu wote wako Mokambo, mpakani, na katika mji huu mwenye kujua ukoo wangu ni Chanda peke yake. Basi jioni nikaingia uani kwa Baba Mwansa nikipiga kelele kwamba leo Uyoga tutakula mpaka tupasuke, Mvua imekauka! Watu wakashangaa, halafu wakacheka. Mama Hortense akanishukuru. Walikuwa hawana mtani hata mmoja, kilio kilikuwa kizito mno.

Chanda alikuwa anasonga bukari ya wafiwa. Mwiko ulisimama. Tulipofika nyumbani alisema, “Mutale, unakana mama yako juu ya televisheni?” Nikasema ni juu ya Baba Mwansa, nilimwapia. Akasema Baba Mwansa aliniomba nitazame, hakuniomba nikane aliyenizaa. Akalala akinipa mgongo. Wanawake hawaelewi mambo ya sanaa.

Jumamosi, 9 Machi

Mtani ana kazi! Hakuna aliyenikumbusha! Kupasua kuni ni mtani. Kuteka maji ya kilio ni mtani. Na kaburi: jembe la kwanza ni la mtani, na kama ni mtani mmoja tu, basi na majembe mengine. Mikono yangu ya karani imetoka malengelenge. Siwezi hata kushika kalamu vizuri, na Jumatatu nina makala.

Tulipaswa kuzika leo baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Lakini Kapya, mpwa mkubwa wa marehemu, anakuja kutoka Kilwa, hii ya kwetu ya ziwani, si ile ya pwani, na lori limezama kwenye matope. Hatuziki mpwa hajafika. Kesho basi, mapema. Nimepiga hesabu: tunazika mchana, narudi mbio, nafunua kitenge, saa kumi na mbili Takeo na mimi uso kwa uso.

Nilipanda juu ya nyumba kuangalia antena. Kaka wa Mama Hortense akaniuliza natafuta nini huko. Nikasema natafuta pesa alizoficha marehemu. Uwanja mzima ukacheka! Utani ni kitu kizuri sana.

Clément alikuja kutoa pole na unga. Akanong'ona kwamba ananihurumia, kwamba kesho yeye atatazama kwa utulivu. Nikammwagia maji, haki ya mtani. Akasema kwao Kasai utani wetu haumhusu, na shati lake ni jipya. Ngalula akamvuta nje.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa bado na udongo masikioni.

Lori la Kapya lilifika alasiri, matope mpaka kwenye taa. Kapya akalia. Kapya akala. Kapya akataka kumwona marehemu, halafu akalia tena. Tulifika makaburini jua linashuka, na mvua ikaanza. Kaburi lilijaa maji. Mtani aingie! Saa kumi na mbili kamili, wakati muziki wa Takeo unaanza katika nyumba zote zenye bahati za Lubumbashi, mimi nilikuwa ndani ya shimo na ndoo, nateka matope.

Nilipotoka, mzee mmoja akasema kabla ya kumshusha, mtani atuonyeshe marehemu alikuwa mtu gani. Nilikuwa nimesahau na hiyo! Mtani lazima amwigize maiti. Sikuwa nimetayarisha kitu.

Nikakaa juu ya kichuguu cha udongo kama alivyokaa yeye, goti moja nje, mkono nyuma ya sikio, maana tanuru lilimla na masikio. Nikapiga kelele, “Takeo! Nyuma yako! Bapumbafu, banamuona na habamuambii!” Nikakohoa kikohozi chake. Nikasimama kana kwamba Takeo amerusha radi, nikavua kofia, kama alivyofanya kila Jumapili, kwa heshima, kama bendera inapandishwa. Watu walicheka wakashikana. Mama Hortense alicheka mpaka wakamshika, halafu kicheko chake kikageuka. Nilitaka kuacha nikashindwa. Nilikuwa nimekaa kama yeye, na nikageuza kichwa kushoto kumsemesha jirani, kama alivyokuwa akifanya, na kushoto hapakuwa na mtu. Mimi ndiye hukaa pale.

Jeneza liliposhuka, mtani yuko karibu kuliko wote. Nikainama. Nikamwambia polepole, “Baba, Takeo iko muzima. Alirusha radi na hakufa. Hata kikohozi iliisha.”

Aliniambia nisimdanganye. Sikuwa nimeona kitu, nilikuwa na ndoo mkononi. Lakini ningemwambiaje vingine, ameshashuka?

Nilirudi usiku, nimelowa mpaka mifupani. Sikufunua kitenge.

Jumatatu, 11 Machi

Niliandika makala yote hivyo hivyo. Kwa nini isiwe? Mwisho niliomwambia Baba Mwansa ni mzuri, na nilikuwa na utangulizi tayari. Takeo anarusha radi ya mwisho, mji unasimama, nywele zake zinarudi nyeusi, Daktari Giza anaomba kazi ya kufagia. Nikasifu michoro. Nikasema safari hii midomo na sauti vilikwenda pamoja. Alama: kumi na tisa. Nikampelekea padre saa mbili asubuhi.

Clément alikuwa amekaa pale, mikono mitupu. Nikatabasamu. Padre akasoma makala yangu hadi mwisho. Akasema imemgusa, kweli imemgusa. Kisha akauliza nilikitazama wapi hicho kipindi, maana jana televisheni ilionyesha nyimbo na ngoma za Chama kuanzia mchana mpaka kufunga stesheni. Takeo hakuonyeshwa. Wametangaza ni Jumapili ijayo.

Nilitazama viatu vyangu. Bado vilikuwa na udongo wa kaburi.

Clément hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Padre akanirudishia karatasi na kusema ukurasa ni wa Clément.

Jumatano, 13 Machi

Leo wamezima moto wa kilio na wazee wamekaa kumtafuta mrithi. Kwa desturi yetu jina la marehemu huchukuliwa na mtu wa ukoo wake, kwa upande wa mama. Atakalia kiti, atavaa kofia, atatunza vyombo. Mzee mmoja akauliza kama hapa mjini hakuna mtu wa Mvua, hata wa mbali, ili Mama Hortense asibaki peke yake na vitu visiende safarini. Akataja vitu: kiti, kofia, jembe, televisheni.

Televisheni!

Nilifungua mdomo. Chanda alinitazama kutoka kwenye mkeka wa wanawake, hakutikisa hata kope. Nikakumbuka jinsi nilivyomwigiza marehemu kukohoa mbele ya watu wote. Mtu wa Uyoga akifanya vile ni heshima. Mtu wa Mvua akimfanyia marehemu wa Mvua hivyo, atalipa mbuzi, na jina lake litasemwa mpaka Mokambo. Nikafunga mdomo.

Kapya amechukua jina. Na televisheni imepanda lori, juu ya magunia ya unga, kioo kinatazama mawinguni. Kilwa hakuna picha inayofika. Nilimuuliza ataifanyia nini. Akasema ataiweka sebuleni na kitambaa juu, inapendeza.

Mama Hortense akaniita kunipa haki ya mtani. Aliniletea kigoda changu. Akasema, “Baba ya nyumba alikuwa anakuwekea hiki kila siku ya Mungu. Anakigusa kwanza, aone kama iko sawa.” Nilikibeba mpaka nyumbani nikakaa juu yake nje, mpaka mbu wakanifukuza.

Ijumaa, 15 Machi

Chanda hatimaye amesema na mimi. Anasema niende Mokambo kwa wajomba, niungame, nilipe mbuzi, nirudi kuwa mtoto wa mama yangu. Na anasema Ngalula alipita: Clément atafungua pazia Jumapili. Hata ndani naweza kuingia, kiti kipo, hakuna maneno. Mimi niseme samahani tu kwa ile ya makala, na kwa shati.

Samahani! Kwa ile makala? Mtu aliyelala ameandika, na bado nasema alikuwa amelala!

Lakini kumtazama Takeo lazima. Nilimwambia Baba Mwansa jambo ambalo sina hakika nalo. Kama Takeo atapona kweli, basi sikumdanganya. Kama atakufa, itabidi niende makaburini kumsahihishia, na hilo sijui nitalianzaje. Silali vizuri.

Jioni nimepata habari njema. Kuna mzee Mulenga nyuma ya soko, mstaafu naye, amenunua televisheni mwezi huu. Nilikwenda na kigoda changu. Alinipokea vizuri sana, mtu mpole, anakaa peke yake. Anakohoa vibaya, maskini. Mtu wa tanuru. Nilimsubiri amalize kukohoa, kisha nikamuuliza kwa adabu, kabla hata ya habari za afya, yeye ni wa ukoo gani.

Mamba.

Watani wa Mamba ni watu wa Samaki. Na mtani huingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi, msiba uwepo usiwepo. Nikacheka kwa nguvu, nikamtukana meno yake, naye akacheka mpaka akashika kifua. Tumeagana mpaka Jumapili. Mungu amlinde mpaka siku hiyo.

Tangu leo jioni mimi ni Samaki.