Gari Lisilovuja

Kitu cha kwanza alichokipenda Fundi Mdomo katika lile gari jeupe ni ardhi iliyokuwa chini yake. Ilikuwa kavu. Kwenye kioo paliwekwa kibao cha boksi: “Nabadilisha, gari kwa gari.” Kando yake mzee mwenye miwani alikuwa akifuta boneti polepole, kama anayemfuta mtoto kamasi.

Jina la Fundi Mdomo alilipata kihalali, maana alichokitengeneza kwa maneno kilipona na alichokigusa kwa mkono kilikufa. Wiki hiyo alikuwa amegusa gari la mkewe. Mke ni mshonaji, na gari hilo ndilo lililosambaza sare za shule na kuleta unga nyumbani. Alipokwenda kwao aliacha agizo moja tu, kwamba gari alikute kama alivyoliacha. Lakini mume aliona tone la oili sakafuni, akauliza fundi wa kazi gani na spana zipo. Akaifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaweka gasketi mpya, akapaka gundi kama siagi kwenye mkate, akakaza boliti hadi moja ikakatika. Tone likawa mfereji, na mke alikuwa anarudi jioni hiyo.

Sasa akatabasamu. Alilirudisha gari la mkewe nyuma ya ukuta uliokuwa karibu, akaimwaga oili yote ndani ya dumu, akalificha dumu kwenye buti, na taa nyekundu ya oili akaiziba kwa utepe mweusi. Gari lisilo na oili halivujishi oili. Kisha akaliachia mteremko likaserereka kimya hadi kwa mzee.

“Lala chini uangalie, mkubwa wangu,” alisema. “Ukiona tone, nitalilamba.”

Mzee alitandika gunia, akachungulia, akainuka ameridhika. Fundi Mdomo alikuwa na hotuba tayari ya kumzuia asiendeshe sana kwa majaribio. Haikuhitajika.

“Ya nini kuzungukazunguka?” mzee alisema. “Watu wazima tunaaminiana.”

Fundi Mdomo alimwonea huruma, kwa dakika nzima. Walibadilishana funguo na namba za simu, wakakubaliana kadi za magari zifuate kesho. Kwenye dashibodi ya gari jeupe palikuwa na kibandiko cha moyo. Mzee wa mapenzi, aliwaza, akaondoka akiimba, huku akiiona sura ya mkewe itakavyong'aa.

Hakufika mbali. Injini ilianza kugonga kama mdai mlangoni, ikakohoa, ikanyamaza kabisa. Alipozungusha ufunguo tena haikujibu, ila ule moyo ulikuwa ukiwaka. Aliubandua kwa kucha. Chini yake, taa nyekundu.

Akaenda kufungua buti. Lilikuwamo dumu, bado lina joto.

Simu ikalia. “Ndugu yangu,” sauti ya mzee ilikuwa ya upole uleule, “nimekuta dumu la oili huku nyuma. Niimimine yote?”

“Ya nini? Sampu inavuja.”

“Uliifunga mwenyewe?”

“Mwenyewe. Na yako?”

“Mwenyewe,” mzee alisema kwa fahari kidogo. “Basi hata hili lako limekwisha kugonga na kuzima. Pole.”

Fundi Mdomo alipokata simu, ujumbe wa mkewe ulikuwa ukimsubiri: “Tumeshuka stendi, niko na mama na mizigo. Njoo na gari langu.”