Ombi la Kumfungulia Mume Wangu Kiini cha Mashine

Mangarivotra, Mahajanga
Agosti 1969

Kwa Bwana Mouigni, Msimamizi wa Mashine ya Kuhesabu

Assalaam alaikum. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nimesikia ulizaliwa Mombasa, na Kifaransa changu ni cha sokoni tu. Mimi ni mke wa Saindou, yule anayeiandikia mashine yako programu.

Saindou amenieleza kwamba ndani ya mashine mna programu kuu inayozisimamia nyingine zote, mnaiita kiini, na kwamba sehemu ya kumbukumbu kinamokaa kiini hicho umeifunga. Programu ya mfanyakazi ikithubutu kugusa humo, inasimamishwa na kutupwa nje, na mwenyewe anapewa karatasi ya kosa. Bwana, sikatai, ni kazi safi. Lakini mwanamume uliyemzuia kupanga mambo huko anakuja kuyapanga kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ameingia jikoni akahamishia chumvi kwenye kopo la sukari, eti lile liko karibu zaidi na meko. Hakuniambia. Jirani yangu Bi Koulsoum alikunywa chai yote kwa adabu, na tangu hapo akipita anaangalia upande wa pili wa barabara.

2. Binti yetu Hasnati hajaota jino hata moja, naye hulala kwa wimbo mmoja tu. Saindou ameufupisha. Mistari inayorudiwa, anasema, inakula nafasi bure. Sasa wimbo unakwisha, mtoto amekodoa macho anangoja uliobaki, nami nangoja naye.

3. Mama yangu alikuja kutoka Nosy Be ili nipate kulala mchana. Saindou akamsimamisha mlangoni: aseme kwanza anataka kutumia chumba gani, na kwa muda gani. Mama, katika nyumba ambayo yeye na baba walinijengea! Unatujua sisi Wangazija: nyumba ni ya mke, mume huja na sanduku lake. Mama alimwambia, "Mwanangu, mgeni hapa ni wewe," akarudi zake Dzamandzar, kulekule Nosy Be. Tangu siku hiyo sijalala.

4. Jana aliomba ufunguo wa kasha langu. Sikumpa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umfungulie kiini kila asubuhi, apange na kupangua mpaka achoke. Hasara yako ni nini? Mashine ikiharibika mnaizima na kuiwasha tena. Hasnati hana swichi. Na ukiwafungulia waume wote, kuanzia Mangarivotra mpaka Tsaramandroso, kampuni haitahesabu kitu, ila mji mzima utalala.

Nisalimie mkeo, watoto, na yeyote aliyepewa karatasi ya kosa wiki hii.

Wako mwenye usingizi,
Rabiata, mama Hasnati

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, nilimuuliza Saindou mambo yalikuwaje kabla ya hiyo kufuli yako. Akasema, bila haya, kwamba aliwahi kuingia kwenye kiini kurekebisha kitu kidogo tu, katika kusaidia, na kazi za watu wote zikasimama, yako pia. Nikalitazama kopo la chumvi. Bwana Mouigni, usifungue hata tundu. Nami nimefunga jikoni. Akitaka chumvi anasimama mlangoni, anaomba, nampa. Akijipitisha mwenyewe, anarudishwa barazani. Mama nimempelekea habari, anakuja na meli ijayo, naye ataingia bila kuulizwa. Karatasi ya kosa sina. Badala yake Saindou nampa Hasnati ambebe, na wimbo auimbe wote.